UZI: Pombe na ujauzito Tanga – namna ya kuuliza, kupima na kumtambua mtoto aliyeathirika

BiMkunga_Mzingani:
Wadau wa afya wa Tanga, Muheza, Mkinga na Pangani, uzi huu ni wa wanaotaka kufanya utafiti wa pombe na ujauzito, na wa wauguzi wa kliniki ambao hata bila utafiti wanatakiwa kuuliza swali hili kila siku. Kwa wasioijua, FASD ni jina la pamoja la madhara ya kudumu anayopata mtoto kutokana na pombe aliyokunywa mama akiwa na mimba yake. Watu wengi wanakumbuka sura ya pekee ya uso wa mtoto tu, ila mzigo mkubwa uko kwenye ubongo.

Naanza na kuuliza, kwa sababu hapo ndipo tafiti nyingi zinapofia. Swali la "Je, unatumia pombe?" halifai kwetu. Mama anayekunywa tembo (pombe ya mnazi) jioni atakujibu hapana bila kudanganya, maana kwake pombe ni bia ya dukani. Halafu kuna aibu ya dini na ya ukoo. Na hudhurio la kwanza mara nyingi amekuja na mwenzi wake kwa ajili ya vipimo vya pamoja. Ukimuuliza pale, mbele ya mume au mkwe, umelipoteza jibu, na umemwekea tatizo nyumbani.

Muulize anapoingia peke yake kwenye mizani au kupima presha. Anza na chakula: jana ulikula nini, ulikunywa nini, chai, juisi, maji ya dafu. Kisha taja kinywaji kimoja kimoja kwa jina lake: tembo tamu, tembo kali, pombe ya miwa, bia, waini, gongo, pombe kali ya chupa. Uliza kwanza kipindi cha *kabla hujajua una mimba*, kisha baada ya kujua. Mama husema ukweli kirahisi zaidi kuhusu kipindi cha kabla, na hicho ndicho tunachokihitaji zaidi, Dokta atatueleza kwa nini.

Tarehe usimwache azikisie. Chora kalenda ya miezi mitatu uweke alama anazozijua mwenyewe: Ramadhani ilianza lini, Idi, Krismasi, harusi ya jirani, msimu wa machungwa kwa watu wa Muheza, mwisho wa mwezi kwa wenye mishahara. Ukiwa na alama nne au tano, siku za kunywa zinajipanga zenyewe.

---

Kijana_wa_Chumbageni:
Shikamoo Bi Mkunga. Kwani AUDIT-C, lile dodoso fupi la unywaji, haitoshi? Ina maswali matatu tu, inajumlishwa haraka, na mwanamke akifika alama 3 anahesabiwa yuko kwenye hatari. Tumefundishwa hiyo.

---

BiMkunga_Mzingani:
Marahaba mwanangu. Itumie, lakini angalia swali lake la pili: siku unayokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? Mwenye chupa anahesabu chupa. Wenye jagi moja lililozunguka kwa watu wanne hawana cha kuhesabu, atakwambia "kidogo tu" na wewe utaandika 1.

Nenda na vyombo vyenyewe. Beba kata, kikombe cha plastiki cha kilabuni, chupa tupu ya maji ya nusu lita na glasi ndogo ya gongo. Mwambie amimine maji hadi pale anapojazaga, kisha uyahamishie kwenye silinda ya kupimia uandike mililita. Kama ni jagi, uliza lilikuwa la ukubwa gani, mlikuwa wangapi, lilijazwa mara ngapi. Hiyo kazi inachukua dakika tano na inabadilisha matokeo yote.

---

Maabara_TA:
Naongezea hapo kwa Bi Mkunga. Mililita peke yake haitoshi, lazima uigeuze kuwa gramu za pombe halisi. Hesabu ni hii: mililita × asilimia ÷ 100 × 0.789. Hiyo 0.789 ni uzito wa mililita moja ya ethanoli.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa karibu gramu 20. Kipimo kimoja cha kawaida cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10, kwa hiyo chupa moja ni vipimo viwili. Pombe kali ya asilimia 35, chupa ya mililita 250, ni gramu 69. Shirika hilo linahesabu gramu 60 kwa mkupuo mmoja kuwa ni unywaji mzito, yaani chupa tatu kubwa za bia zinakufikisha mlangoni, na kile kichupa kidogo cha pombe kali kinakupitisha.

Tatizo ni tembo. Halina asilimia moja. Linaanza kuchachuka likiwa bado juu ya mnazi, kwa sababu chombo cha mgema kina masalia ya jana yenye hamira ya asili. Lililoshushwa asubuhi likanywewa papo hapo ni sukari zaidi kuliko pombe. Hilohilo likifika jioni limeshakuwa kali kama bia au kuzidi. Kwa hiyo kwenye fomu weka visanduku viwili: saa lilipogemwa na saa liliponyweka. Mtafiti anayeandika "tembo, asilimia 5" kwa kila mama amebuni takwimu.

Ukitaka kulipima, fanya hivi:

Nunua kama mnywaji anavyonunua, saa ileile, kilabu kilekile. Chupa usiijaze, acha robo wazi, na iweke kwenye barafu hapohapo. Tembo linaendelea kuchachuka ndani ya chupa, na lililofungwa kwa kukaza likikaa juani kwenye daladala litapasua chombo. Likifika maabara bila barafu, asilimia utakayosoma ni ya safari, siyo ya kilabu.

Usitumbukize haidromita (kipimo kinachoelea kwenye kimiminika) moja kwa moja. Sukari iliyobaki na mapovu ya gesi vinapotosha usomaji. Toa gesi kwanza kwa kulimimina huku na huku kati ya bika mbili. Chukua mililita 100, ongeza maji mililita 50, weka soda ya kupunguza asidi (siyo ya kunywa) kidogo kidogo hadi asidi itulie, maana tembo la jana lina siki, na siki nayo hupanda na mvuke. Chemsha kwa mtambo wa kukenekea, kusanya kama mililita 95, jazia maji yaliyokenekwa hadi 100, ndipo upime kwa alkoholimita.

Na angalia joto. Vifaa vingi vimesanifiwa kwa nyuzi 20. Chumba cha Tanga mwezi wa pili kina nyuzi 30 na zaidi, na kwa joto hilo alkoholimita inasoma juu ya kiwango halisi. Poza sampuli kwenye beseni la maji ya barafu hadi nyuzi 20 au tumia jedwali la kusahihisha.

Gongo ni hivyohivyo, halina asilimia ya kudumu, kila mpishi na lake. Lipime, usikisie.

---

MamaKijacho2:
Jamani mimi siyo mtaalamu, nauliza tu. Tembo tamu la asubuhi kikombe kimoja lina shida gani? Na wapo wanaosema bia nyeusi inaongeza damu.

---

Dokta_wa_Watoto:
Dada, umeuliza vizuri, na wala usione vibaya kuuliza.

Pombe inapita kondo la nyuma bila kizuizi chochote. Muda mfupi baada ya mama kunywa, kiwango kwenye damu ya mtoto kinakaribiana na cha mama. Tofauti ni kwamba ini la mtoto bado halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja, kwa hiyo anategemea ini la mama. Anachokikojoa kinaingia kwenye maji ya uzazi, naye anayameza tena maji hayohayo. Ndiyo maana pombe inakaa naye muda mrefu.

Kiwango kilichothibitishwa kuwa salama hakipo, wala aina iliyo salama, wala mwezi ulio salama. Kikombe kimoja cha tembo lililoshushwa sasa hivi kina pombe kidogo, ni kweli, lakini wewe mnunuzi huwezi kuona limekaa saa ngapi. Kunywa dafu. Kuhusu damu, bia nyeusi haitibu upungufu wa damu. Vidonge vya FEFO unavyopewa kliniki ndivyo vyenye madini ya chuma na foliki, na mboga za majani na dagaa vinasaidia.

Na kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, acha leo, kisha mwambie mkunga wako. Ubongo wa mtoto unajengwa miezi yote tisa. Kila wiki isiyo na pombe ni faida kwake.

Sasa kwa watafiti: Bi Mkunga amesema kipindi cha kabla ya kujua ndicho muhimu. Majaribio ya Kathleen Sulik kwa panya, Marekani mwaka 1981, yalionesha kwamba pombe ya siku moja tu, katika hatua inayolingana na takriban wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa kwa binadamu, inatosha kuleta sura ile ya FASD. Kwa hesabu ya kliniki hiyo ni wiki ya tano tangu hedhi ya mwisho. Mama wengi wakati huo ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza mbona siku zimepita. Akifika kliniki wiki ya 20 na kusema "niliacha nilipojua", jibu lake ni la kweli, lakini madhara huenda yalishatokea.

Hapo ndipo umri wa mimba unapokuwa wa lazima. Hedhi ya mwisho ya kukumbuka kwa kichwa inaweza kukosea wiki kadhaa. Bila ultrasaundi ya mapema, kabla ya wiki ya 24, utashindwa pia kutofautisha mtoto aliyedumaa tumboni na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

---

Kijana_wa_Chumbageni:
Dokta, kama maswali yana shida zote hizi, kwa nini tusipime damu tu tukamaliza?

---

Maabara_TA:
Kipimo kipo, lakini hakimalizi. Kila kimoja kina dirisha lake.

Mkojo (EtG, alama inayoachwa na pombe mwilini) unarudi nyuma siku mbili tatu tu. Isitoshe, mjamzito mwenye maambukizi ya njia ya mkojo anaweza kukupa jibu la uongo: bakteria wa E. koli wanaivunja EtG, na mkojo wenye sukari ukikaa na joto unaweza kutengeneza pombe yake wenyewe. Pima maambukizi kwanza, na gandisha sampuli mapema.

PEth, alama ya pombe kwenye damu, ndiyo naipendelea. Inatengenezwa kwenye utando wa chembe nyekundu pale tu pombe inapokuwepo, na inaonekana wiki mbili hadi nne. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita huchukuliwa kuwa hakunywa au kidogo sana, 200 na kuendelea ni unywaji mzito. Uzuri wake ni kwamba tone la kidole kwenye karatasi ya kukaushia linatosha, na watu wa malaria Muheza na Korogwe wanaijua kazi hiyo kwa miaka mingi.

Makosa yanakotokea:

Spiriti ya kusafishia kidole. Ukitoboa kabla haijakauka, pombe inachanganyika na damu mbichi, na chembe nyekundu zinaweza kutengeneza PEth palepale kwenye karatasi. Umempa mama asiyekunywa jibu la mnywaji. Tumia kisafishio kisicho na pombe. Kama hakipo, osha kwa sabuni na maji, kausha kwa pamba safi. Mtoboaji naye asitumie jeli ya mikono akiwa amesimama juu ya karatasi.

Kukamua kidole. Futa tone la kwanza, subiri la pili lining'inie lenyewe, liguse karatasi mara moja lijaze duara lote hadi upande wa nyuma. Tone juu ya tone linaleta pete, na kile kipande cha milimita tatu utakachokata hakitakuwa na kiasi sawa cha damu.

Unyevu. Vitabu vinasema saa tatu au nne za kukauka. Kwa hewa ya bahari ya Tanga acha usiku mzima, kadi ikiwa imelala bila kugusa kitu, kivulini, chini ya chandarua kwa sababu ya nzi na sisimizi. Ndipo uifunge kwenye mfuko wa zipu na vifuko vya kunyonya unyevu. Karatasi ya kiashiria ikibadilika rangi, badilisha vifuko.

Mama aliyeongezewa damu karibuni mwondoe kwenye uchambuzi wa PEth, utakuwa unampima aliyechangia. Na aliye na malaria kali weka alama, maana chembe zikivunjika jibu linashuka.

Kinyesi cha kwanza cha mtoto, kile cheusi cha kunata, kinaonesha miezi ya mwisho ya mimba, siyo mwanzo. Kikusanye ndani ya siku mbili za kwanza, kabla hakijaanza kubadilika rangi kwa maziwa. Kiweke kwenye kopo lisilopitisha mwanga na kiende kwenye friza bila kuchelewa, kwa sababu joto na mwanga vinaharibu kinachotafutwa. Wodi ambayo mama anaruhusiwa saa 24 baada ya kujifungua itakupotezea sampuli nyingi.

Kumbukeni PEth inasomwa kwa masi spektrometa, mashine ya kutambua kemikali kwa uzito wake. Ikibidi karatasi zitoke nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli unapita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) pamoja na kibali cha maadili. Anzeni nao mapema kabla ya kuajiri watu wa kukusanya.

---

Takwimu_Korogwe:
Niingie kwenye ukubwa wa utafiti, maana naona watu wanataka "kujua Tanga kuna watoto wangapi wa FASD" kwa sampuli ya watu 300. Haiwezekani.

Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2017 na kundi la Svetlana Popova ni takriban wajawazito 10 kwa 100 wanaotumia pombe, na watoto 15 hivi kwa 10,000 wenye hali kamili yenye sura. Kwa FASD ya aina zote, makadirio ya mwaka huohuo ni watoto karibu 8 kwa 1,000. Chukua watoto 1,000 wa Tanga kwa viwango hivyo: mwenye sura kamili atapatikana mmoja au wawili. Ukimpata sifuri hujathibitisha kitu, na ukiwapata wanne hujathibitisha kitu pia.

Unachoweza kupima vizuri kwa sampuli ya mia kadhaa ni matumizi ya pombe kwa wajawazito. Hilo fanyeni. Mfano mzuri wa nchini ni rejista ya uzazi ya hospitali ya KCMC, Moshi: waliosema walikunywa wakati wa ujauzito walishuka kutoka karibu nusu mwaka 2000 hadi karibu moja ya tano mwaka 2010. Lakini msiichukue namba ya Kilimanjaro mkaileta pwani. Kule kuna mbege, huku kuna tembo, na desturi za nani anywe na nani asinywe ni tofauti kabisa. Wala msichukue za Western Cape, Afrika Kusini, ambako viwango ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kule kuna historia ya mashamba ya mizabibu kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo.

Kama mna fedha za kutafuta watoto wenyewe, njia ni kuwafuata darasa la kwanza: pima urefu, uzito na mzunguko wa kichwa kwa wote, walio chini ya mstari wa asilimia 10 (yaani wadogo kuliko watoto 90 kati ya 100 wa umri wao) waende kwa daktari wa kukagua sura, kisha vipimo vya akili, kisha mahojiano na mama. Tatizo letu ni udumavu wa lishe. Chujio hilo litanasa watoto wengi waliodumaa kwa njaa na minyoo. Pangeni bajeti ya daktari kwa idadi hiyo.

---

Dokta_wa_Watoto:
Na daktari huyo asiende na macho matupu. Vitu vitatu vya sura: uwazi wa jicho mfupi, mfereji kati ya pua na mdomo uliolainika, na mdomo wa juu mwembamba.

Jicho linapimwa kwa rula ya plastiki inayopitisha mwanga, kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje. Mtoto ainue macho bila kuinua kichwa, ili kona ya nje ionekane bila kope kuifunika. Ishike rula karibu na jicho bila kugusa kope, na ifuate mzingo wa uso. Tofauti ya milimita mbili inamhamisha mtoto kundi, kwa hiyo wapimaji wawili, kila mmoja asione namba ya mwenzake.

Mdomo na mfereji vinalinganishwa na picha tano za Chuo Kikuu cha Washington, ambako ya 4 na ya 5 ndizo zinahesabika. Kuna toleo lililotengenezwa kwa Wamarekani weupe na jingine kwa Wamarekani weusi wenye midomo minene. Ukitumia la kwanza kwa watoto wetu utawakosa walioathirika. Na mtoto asitabasamu! Tabasamu linanyoosha mfereji na kukondesha mdomo, na mtoto wa darasa la kwanza akiona kamera hutabasamu. Mwambie apumue kwa pua mdomo ukiwa umefungwa, subiri, ndipo upige.

Kichwa: utepe usiovutika, juu ya nyusi hadi nundu ya kisogo, mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Kina dada waliosuka mabutu inabidi nywele zifumuliwe au utepe upite chini ya misuko.

Kabla ya kusema FASD, ondoa mengine: mama aliyekuwa akitumia fenitoini ya kifafa, virusi vya ukimwi, magonjwa mengine ya kurithi. Na kinyume chake, watoto wengi wenye FASD hawana sura yoyote ya pekee. Hao ndio wanaoitwa watundu na wavivu miaka yote ya shule.

---

Mwl_Raskazone:
Hapo Dokta umenigusa. Darasani dalili ni hizi: leo anajua kuhesabu, kesho kasahau kabisa. Anatii agizo la kwanza kati ya matatu. Anarudia kosa lilelile baada ya adhabu, kwa sababu haunganishi tendo na matokeo yake. Anaongea vizuri, ndiyo maana tunadhani anafanya kusudi.

Kinachofaa: agizo moja kwa wakati, maneno yaleyale kila siku. Akae mbele, mbali na dirisha, mahali pasipobadilika. Ratiba ya michoro ukutani. Hesabu kwa vizibo na mawe kabla ya namba. Viboko havimfundishi chochote mtoto huyu.

---

Muuguzi_Mkinga:
Swali la mwisho kwa Bi Mkunga. Mama amekiri anakunywa gongo kila siku. Namwambia aache leo?

---

BiMkunga_Mzingani:
Huyu usimwambie aache peke yake nyumbani. Anayekunywa kila siku kwa wingi akikata ghafla, kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege linaweza kufuata ndani ya siku mbili, na kuweweseka siku ya pili au ya tatu. Uliza: asubuhi mikono inatetemeka kabla hujanywa? Umewahi kupata degedege? Likijibiwa ndiyo moja tu, ni rufaa ya kulazwa. Atapewa dawa za jamii ya diazepamu kwa muda mfupi chini ya uangalizi, na vitamini B1, nayo itangulie kabla ya dripu ya glukosi.

Degedege likimpata akiwa amepita wiki 20, mhudumie kama kifafa cha mimba hadi ithibitike vinginevyo. Pima presha na protini, mpe magnesiamu. Usipoteze muda ukibishana kama ni gongo.

Wasio wa kila siku, mazungumzo ya dakika kumi yanatosha kuanzia. Mwambie matokeo yake bila kukaripia, eleza pombe inavyomfikia mtoto, muulize mwenyewe anaona aanzie wapi na nani atamsaidia nyumbani. Panga tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili.

Majibu yake usiyaandike kwenye kadi ya kliniki anayoirudisha nyumbani, mume na mkwe wanaisoma. Andika kwenye faili linalobaki kituoni. Kama ni utafiti, fomu iwe na namba tu, na daftari la kuunganisha namba na majina likae kabati jingine lenye ufunguo.

---

Muuguzi_Mkinga:
Asante Bi. Na mwenye jagi la watu wanne aliyekumbuka lilijazwa mara mbili, lita tatu kila mara, tembo la jioni?

---

Maabara_TA:
Lita sita kwa wanne, mililita 1,500 kila mmoja. Kama tembo la kilabu hicho mmelipima mkapata asilimia 5, ni gramu 59, yaani mlangoni kabisa pa zile 60. Andika unywaji mzito, na weka alama kwamba mgawanyo ni wa kukadiria. Kisha muulize kama walikunywa sawa.